Kiko: ununue dukani Nairobi au uagize mtandaoni? Nimejaribu njia nne, na haya ndiyo yaliyonipata

MoshiMwepesi

Wadau, salamu. Uzi huu ni wa watu wazima wanaovuta kiko, au waliorithi kiko cha babu na hawajui wakifanyie nini. Kama hujafika miaka 18, pita. Kama ulikuja kutafuta shisha, hiyo ilipigwa marufuku Desemba 2017, pita pia.

Mimi ni mtu wa Umoja, na nilianza mambo haya baada ya kumzika mjomba. Kwenye vitu vyake kulikuwa na kiko kimoja kilichopasuka ubavuni. Shangazi akanishikisha mkononi, akasema, "Chukua wewe, hawa wengine watakitupa." Hakivutiki tena. Lakini kina harufu ya sebule yao ya Machakos, na hiyo harufu ndiyo iliyonitoa nyumbani kutafuta kingine. Nimezunguka miaka mitatu. Nimetapeliwa, nimechekwa, nimelipa ushuru. Sasa nawasimulia.

Nilianzia duka lililo ndani ya hoteli kubwa hapa mjini. Kabati la kioo, sigara nene za Cuba upande huu, viberiti vya kung'aa upande ule, na viko vitano vimelazwa juu ya kitambaa chekundu kama maiti wa heshima. Nikauliza bei ya kilicho katikati, cha Kitaliano. Shilingi 38,000. Nikaomba nikishike tu. Dada wa duka, mpole kabisa, akaniambia ufunguo anao meneja na meneja ametoka. Nilirudi mara mbili. Mara ya tatu ufunguo ulikuwepo, nikakishika, na kusema kweli kilikuwa kiko safi: chepesi, mistari ya mti imenyooka, tundu la kupitisha moshi limetobolewa pale linapotakiwa. Ila upande mmoja wa mdomo ulikuwa mweusi na upande wa pili umegeuka rangi ya chai ya rangi iliyolala. Ile ni eboniti, mpira mgumu mweusi. Eboniti ikikaa kwenye mwanga muda mrefu huchujuka, na hicho kiko kilikuwa kimelala chini ya taa ya kabati miaka sijui mingapi. Yaani unalipa bei ya kipya, unapata kitu ambacho taa imeshakizeesha. Nikashukuru, nikaondoka.

Pili, soko la vinyago. Huko viko ni vingi, vya mti mweusi, vya jiwe la Kisii, vyenye kichwa cha simba, vyenye kichwa cha Mmaasai. Kaka mmoja akaanza na 2,500, nikaondoka hatua kumi, akaniita, tukamaliza na 800. Nilijiona mjanja. Jioni nikakijaza, nikawasha, na sebule ikanuka geti lililopakwa rangi jana. Ndani ya bakuli walikuwa wamepaka vanishi! Ikatoa malengelenge. Siku ya tatu kikapasuka, tah, kama kuni mbichi. Ndipo nikachukua kile kijiti cha waya chenye manyoya cha kusafishia, nikakipitisha kwenye mdomo nione kinatokea wapi. Hakikutokea chini. Kilichungulia katikati ya ukuta wa bakuli, kama mtu dirishani. Sasa tumbaku ya chini ingevutwa na nani? Lakini simlaumu yule kaka. Hakuniambia hata mara moja kwamba ni cha kuvutia. Aliniuzia kinyago chenye umbo la kiko, na kama ukitaka pambo la kabati, bei yake ni halali.

Tatu, ukurasa fulani wa mtandaoni wa hapa hapa Nairobi. Jina silitaji. Picha: kiko cha kahawia kinachong'aa, mistari kama ya punda milia. Bei 3,500, tuma kwanza kwa M-Pesa, boda atakuletea. Boda alikuja kweli, hilo nampa. Ndani ya boksi kulikuwa na mti mwepesi uliochovywa kwenye rangi nyekundu, mdomo wa plastiki, na bomba la bati ndani linalochemka mate. Nilipopiga simu iliita hadi ikachoka. Kesho yake nikawa siuoni tena ukurasa wenyewe, nimefungiwa nje. Wiki mbili baadaye nikakikuta kiko kilekile, picha ya kweli sasa, kwenye duka la mtandaoni la Uchina kwa bei isiyofika shilingi 600. Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia nimelilipia mimi.

Nne, nikaagiza ng'ambo. Muuzaji wa Uingereza, mtu binafsi anayeuza viko vilivyokwisha kutumika. Kilikuwa kimevishwa ngozi nje, ndani kuna jiwe jeupe. Alikuwa ameweka picha kumi na moja, na mojawapo amemulika tochi ndani ya tundu ili uone lilikotokea. Ni hiyo picha iliyonifanya nilipe. Dola 58 za kiko, dola 24 za posta. Benki ilinikata kwa shilingi 132 kwa dola, hiyo ikawa 10,824.

Wiki tano kimya. Halafu nikaitwa kuchukua kifurushi. Mama wa dirishani akakata gundi, akakitoa, akakigeuza.

"Hii ni ya nini?"

"Ni kiko, mama."

"Cha bangi?"

"Cha tumbaku."

"Tumbaku iko wapi?"

"Sijaagiza tumbaku."

Akakinusa. Akanitazama. "Lakini hiki kimetumika."

"Ndiyo. Ni mitumba."

Alicheka mpaka mwenzake akaja kuuliza kuna nini. "Ati siku hizi hata kiko ni mitumba!" Kisha akarudi kazini: nilitozwa ushuru wa asilimia 25, halafu VAT ya 16 juu ya hiyo jumla, na ada mbili ndogo zikifuata nyuma. Zaidi ya 5,000. Kwa hivyo kiko cha dola 58 kimenisimamia karibu 16,000, na ndicho peke yake kati ya vyote kinachovutika.

Msimamo wangu ni huu: nimeacha kuuliza bei kwanza. Nauliza, je, naweza kuona ndani ya tundu kabla sijalipa? Dukani unaona kwa kijiti chako mwenyewe, mtandaoni unaona kwa picha ya muuzaji. Asiyekuruhusu kwa njia yoyote, awe Kenyatta Avenue au awe London, mwache na kiko chake.

Ninyi mnanunua wapi?

Kipepeo_wa_Donholm

38,000? Hiyo ni kodi yangu ya miezi mitatu na chenji inabaki. Si uvute sigara tu kama watu?

MoshiMwepesi

@Kipepeo sigara unaivuta dakika tano umesimama kwenye baridi. Kiko kinakukalisha chini saa nzima. Ila sikushauri chochote kati ya hivyo viwili.

BabuShilamu

Mwanangu MoshiMwepesi, hadithi yako nimeisoma mara mbili nikicheka peke yangu hapa South C, mjukuu akaniuliza babu una nini. Lakini umeniudhi kidogo. "Mdomo" wa kiko? "Bakuli" la kiko? Kiko si chai. Sisi tuliozaliwa Mombasa tuna maneno yake, na ni vibaya yafe.

Pale panapotiwa tumbaku panaitwa bori. Kile kijiti unachotia kinywani ni shilamu. Na lile bomba la kati ni digali. Hayo yalikuwa maneno ya kiko cha kizamani cha maji: kifuu cha nazi kimetiwa maji, digali limetoka borini likashuka majini, na shilamu imechomoza ubavuni. Ukivuta, maji yanalia, na mlio huo nao una jina, malio. Chenu hiki kikavu wako wanaokiita mtemba. Iteni mnavyotaka, lakini bori ni bori.

Kuhusu kununua. Enzi zetu mwenye duka alikuwa amekaa nyuma ya meza, anakupa kiko mkononi, anakwambia, "Vuta hewa." Hujawasha, hakina tumbaku, unavuta hewa tupu tu. Kama hewa inapita kama unavyonywa maji kwa mrija mpana, hicho ni kiko. Kama inapiga mluzi au inakuvuta mashavu ndani, rudisha. Ukiwasha hicho utahangaika nacho mpaka kiama. Jaribio hili mtandaoni halipo, na hata picha ya tochi haiwezi kukwambia. Kwa hivyo mimi ni mtu wa duka. Ila kweli, maduka yenyewe yamekwisha. Yaliyobaki yanauza fahari.

MoshiMwepesi

Babu, shikamoo, na asante. Kuanzia leo ni bori na shilamu. Hilo la kuvuta hewa sikulijua, ningelijua ningeokoa 800.

GunziLaKitale

Wote mnazungumza juu ya mti na jiwe, na hakuna aliyetaja kiko cha gunzi. Nishangae?

Kwa anayeanza, kiko cha gunzi la mahindi ndicho cha kwanza, na hicho hukipati Nairobi, lazima uagize. Kuna kampuni ya Marekani, Missouri Meerschaum, iko mji wa Washington jimbo la Missouri, imekuwa ikitengeneza viko vya gunzi tangu 1869. Changu kilinigharimu dola 9. Hakina haja ya kuzoezwa moto kidogo kidogo kama cha mti, hakichomi ulimi sana, na kikiungua unakitupa bila kulia. Tatizo lake ni nauli. Kuagiza kiko cha dola 9 kwa nauli ya dola 25 ni kumpakia kuku mmoja kwenye lori. Tulijikusanya watu wanne tukaagiza vinane kwa mkupuo, nauli ikagawanyika, kila mtu akapata viwili.

Sasa mniruhusu nijiaibishe. Mimi ni mtoto wa Kitale. Nimekulia ndani ya mahindi. Nikasema, mimi ninunue gunzi kwa Mmarekani? Nikaenda shagsi, nikachagua magunzi kumi manene kuliko yote kwenye ghala la mama, nikayakata, nikayatoboa kwa bisibisi ya moto, nikachomeka mianzi. Mama ananitazama tu, haongei. Cha kwanza kiliwaka chenyewe. Siyo tumbaku iliyowaka, kiko ndicho kilichowaka. Cha pili ukuta uliungua upande mmoja mpaka nikaona kidole changu kwa ndani. Mama akasema, "Sasa hicho si ungewashia jiko?"

Baadaye nikasoma kwa nini. Wao hawatumii gunzi lolote. Wanapanda mbegu ya aina yake yenye gunzi nene na gumu, wanayakausha kama miaka miwili, halafu wanayapaka plasta kwa nje kuziba vitundu. Mahindi yetu yamechaguliwa kwa ajili ya punje, gunzi lake jembamba na laini. Kwa hivyo hapo nimemwachia Mmarekani, kwa uchungu.

Kipepeo_wa_Donholm

"Kiko ndicho kilichowaka" 😂😂 nimekufa

DadaWaZamuYaUsiku

Naingia dakika moja tu kisha natoka. Mimi ni muuguzi. Najua mtasema kiko hakimezwi moshi kama sigara, na kweli wengi hawamezi. Lakini saratani ya mdomo, ulimi na koo haiulizi kama ulimeza. Kidonda mdomoni au doa jeupe kwenye ulimi ambalo halijaondoka baada ya wiki mbili tatu, nenda kaangaliwe, usisubiri liume. Na msivutie karibu na watoto, hata kama wanasema harufu ni tamu. Nimemaliza, endeleeni na vinyago vyenu.

MoshiMwepesi

Asante, dada. Mjomba aliondoka kwa jambo jingine, lakini nimekusikia. Navuta mara mbili kwa wiki, nje, watoto wakiwa wamelala.

KaratasiZaForodha

Nafanya kazi ya kutoa mizigo, kwa hivyo niwasaidie hesabu kwa sababu watu wengi humu wanadhani wameibiwa.

Ushuru haupigwi kwa bei ya kiko peke yake. Unapigwa kwa bei pamoja na nauli na bima. Ndiyo maana yule wa gunzi anaona ajabu: kitu cha dola 9 kikija na nauli ya 25, unatozwa kama umenunua kitu cha 34. Halafu VAT inakaa juu ya hiyo jumla ikishajumlishwa na ushuru, yaani kodi inakaa juu ya kodi. Hesabu ya MoshiMwepesi iko sawa kabisa. Ukitaka kujua bei ya kweli kabla hujabonyeza, chukua bei na nauli, ongeza nusu yake. Itazidi kidogo, na hiyo ziada itakuwa furaha yako.

Muuzaji akikuambia ataandika "zawadi, dola 5" ili usitozwe, mkatalie. Anayefungua boksi hapa si mtoto, na kifurushi kikizuiliwa unayekimbizana ni wewe, yeye ameshalipwa.

Na tafadhali, msichanganye kiko na tumbaku kwenye oda moja. Kiko kitupu ni bidhaa kama nyingine. Tumbaku ina sheria yake ya 2007, ina ushuru wake wa bidhaa, na inatakiwa iwe na stempu ya KRA na maonyo yake. Nimeona mtu amepoteza kiko kizuri kwa sababu muuzaji alimtilia kipakiti cha tumbaku kama shukrani. Mwandikie muuzaji kabla: usinitilie kitu. Tumbaku nunua hapa hapa dukani, yenye stempu.

MoshiMwepesi

Hili la kipakiti cha shukrani lingenikuta bila kujua. Yule Mwingereza alikuwa ameniuliza kama ninataka "kionjo". Nilikataa kwa sababu ya aibu tu.

FundiWaKuchonga

Mimi nina mashine ya kukereza, natengeneza miguu ya meza na vishikio vya visu. Mara kwa mara wateja huniletea viko. Naomba nitetee njia ya tano ambayo hamkuitaja: mitumba ya hapa hapa.

Gikomba, Toi, na wale wanaotandaza vyombo vya wazungu waliohama. Viko vipo, si vingi, vinakaa kwenye kikapu pamoja na miwani mibovu na funguo zisizo na kufuli. Muuzaji hajui ni nini, anataka 200 au 300. Cha mwisho nilichonunua kilikuwa cha mzizi wa braya, shilamu imegeuka kijani kama shaba ya kale. Watu wanaona kijani wanadhani kimeoza. Haijaoza, ni eboniti ile ile mliyoisema juu. Nililowesha msasa namba 400 nikapiga taratibu, nikaenda 800, nikamaliza na 1000, maji yakitoka ya kahawia na kunuka salfa kama yai lililosahaulika. Kisha dawa ya meno kwa kitambaa. Saa moja na nusu, ikarudi nyeusi ti. Angalieni tu msipige msasa pale shilamu inapokutana na digali, maana mkilegeza hapo kona zinakuwa mviringo na haitakaa sawa tena milele.

Harufu ya mwenye nacho wa zamani: jaza bori chumvi, dondoshea pombe kali kwa sindano hadi chumvi ilowe, kiache usiku mmoja kimesimama. Asubuhi chumvi imekuwa ya kahawia. Mwaga, futa, acha siku mbili kikauke. LAKINI hii ni ya mti peke yake. Ukifanya hivi kwenye jiwe jeupe umekiua.

Braya kwa asiyejua: si mti wote, ni uvimbe wa shinani mwa kichaka kinachoitwa Erica arborea, wa nchi za Mediterania. Unachemshwa, unakaushwa muda mrefu, ndiyo hauungui ovyo. Hapa kwetu sijapata mti wa kuulinganisha nao. Mpingo ni mzito na ukipata joto la ghafla unapasuka, MoshiMwepesi ni shahidi.

BabuShilamu

Fundi, umenena. Sasa narudi kwa mwenye uzi. Umesema kiko chako cha Uingereza kimevishwa ngozi nje, na ndani kuna jiwe jeupe. Kigeuze. Tazama chini, au ubavuni mwa digali. Kuna mchoro gani?

MoshiMwepesi

Ngoja nikitoe. Kuna mchoro mdogo umegandamizwa. Nilidhani ni alama ya kiwanda cha Uingereza. Nimewasha tochi ya simu... ni ndovu.

Na chini yake kuna neno. KIKO.

Hapana. Jamani. Nilidhani muuzaji ndiye aliyeandika "kiko" kwenye tangazo kwa kunifurahisha kwa vile mimi ni wa Kenya.

BabuShilamu

Haya. Nilikuwa naingoja hiyo. Hakuna neno jingine?

MoshiMwepesi

Limefutika kidogo. Naona TANGANYIKA.

SinyaHadiLongido

Nimekuwa nikisoma kimya siku mbili, hapa inabidi niandike.

Kiko chako ni cha Arusha. Kulikuwa na kampuni iliyoitwa Tanganyika Meerschaum Corporation, ilianza miaka ya 1950, na nembo yake ni huyo ndovu. Lile jiwe jeupe ndani ni mirishamu, ndiyo hiyo "meerschaum" ya Kiingereza, na lilichimbwa kwenye bonde la Amboseli, upande wa Sinya ambao uko Tanzania. Kutoka juu ya kilima chetu ukitazama kaskazini unaona vumbi la magari ya watalii wa Kenya. Mashimo ya kale bado yapo, mbuzi wanaingia humo kujikinga na jua.

Mirishamu ni jiwe jepesi lenye vitundu vidogo vidogo linalonyonya maji na mafuta. Gusisha ulimi kwenye sehemu isiyoungua, litanata.  Linalojulikana zaidi duniani ni la Eskişehir, Uturuki, na wavutaji husema letu ni zito kidogo kuliko hilo. Ndiyo sababu viko vyetu vingi vilitengenezwa hivyo: jiwe ndani kwa ajili ya joto, kitu kingine nje kwa ajili ya mkono, ngozi au kibuyu.

Tanganyika iliungana na Zanzibar Aprili 1964, kwa hivyo neno hilo likiwa limegongwa hapo, kuna uwezekano mkubwa kiko chako kina miaka zaidi ya sitini.

Kipepeo_wa_Donholm

Ngoja nielewe. Jiwe limetoka Amboseli. Likaenda Arusha. Likaenda Uingereza. Mzungu akalivuta miaka sitini. Halafu MoshiMwepesi wa Umoja akalilipia nauli, USHURU, VAT na ada mbili, lirudi mwendo wa saa nne kutoka lilikochimbwa??

KaratasiZaForodha

Kwenye fomu mimi ningeandika tu: nchi ya asili, Tanganyika. Ningependa kuona uso wa atakayeipokea.

MoshiMwepesi

Nimekaa kwenye ngazi nje ya nyumba, kiko mkononi, sijui nicheke au nipige simu. Nimempigia shangazi. Nikamwomba atazame kile cha mjomba kilichopasuka, maana mwaka jana nilimrudishia akiweke kwenye kabati la picha. Akasema subiri nivae miwani. Nikamsikia anakigeuzageuza.

"Kuna kinyama hapa chini," akasema. "Kina mkonga."

Kwa hivyo miaka mitatu yote hii nimezunguka hoteli, masoko, na Uingereza nikitafuta kitu kama cha mjomba, na nimekipata bila kujua kwamba nimekipata. Ndiyo maana harufu yake ilinishtua nilipofungua boksi. Nilidhani ni hisia tu.

Fundi, swali la kweli sasa. Cha mjomba kimepasuka ubavuni, kwenye ngozi na kwenye jiwe. Kuna linalowezekana?

FundiWaKuchonga

Jiwe likipasuka hadi ndani ya bori, usikivute tena, hakuna gundi ya kuamini kwenye moto na mdomoni. Lakini shilamu yake na digali ni nzima? Na hiki kipya umesema shilamu imekaaje?

MoshiMwepesi

Ya kipya inacheza kidogo. Inatoka nikivuta kwa nguvu.

FundiWaKuchonga

Basi leta vyote viwili. Kiwanda kimoja, ukubwa huenda ukalingana. Shilamu ya mjomba inaweza kuingia kwenye kiko kipya, na kama haitoshi nitaipunguza unywele mmoja mmoja hadi ikae. Niko Kariokor Jumamosi, upande wa wachoma nyama, kuanzia saa nne.

BabuShilamu

Nami nitafika. Sitovuta, daktari amenikataza tangu juzi ile. Nitavuta hewa tu, nikupimie.

Kipepeo_wa_Donholm

Mkimaliza unaweza kukiuza ngapi hicho? Nina mtu.

MoshiMwepesi

Shangazi anashuka na basi la Ijumaa jioni, anakileta mwenyewe. Muulize yeye.